Kaa Kwenye Mota

*Ngome ya Skelby, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwaka wa tatu wa Wafaransa*

Kwa Sunniva, mke wa Orm mtengeneza ngozi

Dada yangu,

Watu wakiandika barua husema mimi mzima, hofu ni kwako. Mimi mzima kweli. Ila sijatoka.

Najua nilikuahidi kwamba mkate wa mavuno tutaula pamoja mezani kwako, na najua uliniwekea kipande ukakipa kuku kwa hasira. Nisikilize kwanza. Bwana Turstin alituahidi sote, mota ikikwisha, kama wanavyoiita wao, kila mtu aende kwao. Imekwisha. Wachimbaji wakaondoka, wapasua magogo wakaondoka, hata yule mpishi mwizi aliondoka. Mimi nikafunga tezo na patasi zangu, nikatia shoka begani, nikafika langoni. Bwana Turstin alikuwa amekaa juu ya gogo anakula tufaha.

"Fundi, wapi?"

"Nyumbani, bwana. Kazi imekwisha."

"Daraja lile, vigingi vyake alipiga nani?"

"Mimi, bwana."

"Na anayejua ni vipi vikipigwa daraja linaanguka, ni nani?"

"Mimi."

"Basi nyumbani kwako ni hapa," akasema, akaendelea na tufaha lake. Walinzi walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Kosa ni langu. Daraja linatoka uani, linapita juu ya mtaro, linapanda hadi mlangoni kwa mnara kileleni. Kipande chake cha mwisho nimekishikiza kwa vigingi viwili tu. Ukivipiga nyundo kwa ndani, kipande kinadondoka na kilima kinabaki peke yake, hakifikiki. Hakuna ngome nyingine yenye kitu hicho, na mimi kwa kupenda sifa nilimweleza bwana mbele ya watu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nao hawataki kata izurure vijijini.

Nikisimama juu ya mnara naona moshi wa jiko lako. Hatua mia nne hazifiki. Jana nilikuona unaanika shuka, nikakuita, ukageuka ukatazama upande wa mto.

Bibi Gunnora wa mayai atakuletea vibao vyangu vya nta. Usiogope kusomwa. Kasisi wao hajui lugha yetu, na kama akitaka kujua nimeandika nini ananiuliza mimi nimsomee. Bwana ameruhusu barua kwa sababu anataka ngozi mbichi za ng'ombe, sitini, kabla ya baridi. Mwambie Orm.

Kaka yako,
Ketil

*Skelby, siku nne baadaye*

Ketil,

Mkate sikuwapa kuku. Niliula mwenyewe, na kipande chako pia, nikalia huku natafuna.

Ulijenga vizuri mno, ndiyo taabu yako. Tangu utoto ukisifiwa kidogo tu unasahau unamfanyia nani kazi. Ungejenga vibaya kidogo leo ungekuwa hapa unanilalamikia supu. Watu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wetu siku ya tatu wametupa jembe sisi, na wewe ukaomba na nyundo.

Nilikusikia siku ile ya shuka. Nilidhani ni sauti ya baba inatoka ardhini, maana kilima chenu kimekaa juu ya nyumba yake. Nikaona aibu, sikumwambia mtu.

Orm anasalimu. Mguu wake ulioumia siku ile mota ilipomporomokea ikamfukia hadi kiunoni umepona, anatembea bila fimbo. Anasema ngozi sitini atatoa, lakini ameuliza, ngozi mbichi za nini? Watavaa?

Nijibu upesi. Na ule. Gunnora anasema umekonda shingo.

Dada yako,
Sunniva

*Ngome ya Skelby, Sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria*

Sunniva,

Mwambie Orm pole tena kwa ile mota. Nilikuwapo, niliona alivyotolewa. Nilimwambia msimamizi udongo ule haujashindiliwa, akaniambia nishike shoka langu.

Ngozi ni kwa ajili ya moto. Mnara ni wa mwaloni mtupu, na mwaloni ukishakauka ni kuni kama kuni nyingine. Tunazipigilia ukutani kwa nje, mbichi, manyoya ndani, kisha tunazimwagia maji. Harufu yake usiulize. Bi Hawisa, mke wa bwana, ana mimba kubwa, anatembea na kitambaa puani. Jana alinisimamisha uani.

"Fundi, hiki kitu kitasimama miaka mingapi?"

"Nguzo zimesimama kwenye ardhi yenyewe, bibi, si juu ya kilima. Tulizisimamisha kwanza, ndipo tukarundika udongo kuzizunguka, tabaka la mawe, tabaka la udongo wa mfinyanzi. Miaka thelathini, zikioza mapema."

"Thelathini!" akasema, akashika tumbo. "Na mimi nitakaa humu yote?"

Sikujua kwamba na yeye amefungwa. Tena yeye hata moshi wa jiko la nduguye hauoni.

Nitakwambia jinsi ninavyokaa, ili usisikie umbea wa Gunnora. Nalala uani, zizini kwa farasi, pana joto. Lango moja, daraja moja. Kisima kimo uani, na majiko na watu wote. Mlango wa mnara umekaa juu kuliko kichwa cha mtu, hauna ngazi, ni daraja tu. Pande za kilima tumezipaka udongo wa mfinyanzi, mvua ikinyesha hata paka hapandi. Kila kitu hapa nimekifikiria mimi, Sunniva, nikijiuliza mtu wa nje ataingiaje. Sikujiuliza hata mara moja mtu wa ndani atatokaje. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimeingia na vifaa.

Nimeanza kuelewa maneno yao. Ukisikiliza matusi kwa mwaka mzima unapata lugha.

Ketil

*Skelby, siku ya Malaika Mikaeli*

Ketil,

Soma peke yako. Ukimaliza ikwangue ngozi hii, au uile.

Umesikia habari za mji wa Yorvik. Ngome zao mbili kule zimechomwa na kila Mfaransa aliyekuwamo amekufa au amefungwa kamba. Watu wetu wametoka msituni wanatembea barabarani mchana. Wanaongozwa na Grim, unamkumbuka, yule mwenye kinu. Orm ameingia kwao. Nilimkataza, akaniambia kwamba kila ngozi anayoichuna anaona inakwenda kumfunga shemeji yake.

Siku ya Mtakatifu Martin sisi huchinja, na mwaka jana Wafaransa walifungua lango kupokea nyama ya akiba ya majira ya baridi. Mwaka huu watafungua vilevile. Umenielewa.

Grim alitaka kuingia kwanza na kuuliza baadaye. Nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimwambia humo ndani umo wewe, mwana wa padri aliyembatiza yeye. Akasema, "Katikati ya shoka nitamjuaje?" Basi tumekubaliana hivi, na kila mmoja wao ameapa mbele yangu mkono ukiwa juu ya msalaba. Siku ile usikae uani. Kaa kwenye mota. Mtu aliye kwenye mota haguswi. Orm mwenyewe atakuja kukuchukua hapo.

Usiniulize lolote. Niambie tu kama utakuwa hapo.

Sunniva

*Ngome ya Skelby, siku ya Mtakatifu Luka*

Sunniva,

Nitakuwa kwenye mota tangu asubuhi. Nimeshatafuta kisingizio, nitasema kuna miti imelegea inataka kupigiliwa upya.

Ngozi yako niliila. Orm aache kutumia chokaa nyingi.

Usiku silali kwa furaha. Ukitayarisha kitanda, nitandikie kile cha karibu na mlango.

Ketil

*Mnarani, siku ya tatu baada ya Mtakatifu Martin*

Sunniva, uliniambia nikae kwenye mota. Nimekaa. Mbona mnaichoma?

Tangu juzi ninajiuliza na sipati jibu. Nilikuwa hapa kabla ya nyama kufika langoni. Niliona lango likifunguliwa, nikaona watu wetu wakitupa nyama na kuchomoa mashoka, nikasema, sasa ni dakika chache tu. Wakachukua ua wote. Bwana Turstin akapanda daraja mbio na watu tisa na mkewe, mtoto mchanga kifuani, watu wetu nyuma yao. Kisha daraja likaanguka. Kisha mishale ya moto ikaanza kuja, na hakuna aliyeniita jina.

Tuko kumi na wawili na mtoto. Kisima kiko kwenu. Sisi tuna mapipa manne, sasa matatu. Kila ukifika wakati wa kunywa panazuka ugomvi, tunywe au tuzimwagie ngozi? Bwana anasema ngozi kwanza, mtu akiwa na kiu anaishi siku mbili lakini mnara ukishika moto haufiki jioni. Ngozi za Orm zinanizuia nisichomwe na Orm. Cheka kama unaweza.

Hapa ndani giza, moshi na kinyesi. Madirisha niliyakata membamba kwa ajili ya mshale, sasa tunapokezana kuweka pua. Mtoto analia siku nzima kwa sababu maziwa ya mama yamekauka. Bwana ameniruhusu niandike kuomba maziwa. Kibao hiki nakirusha chini; ukikubali, tutateremsha kikapu kwa kamba upande wa mtaro. Nimemsomea kwamba hiki kibao ni cha maziwa tu.

Walibadilika, au uliniuza? Niambie lolote, nitavumilia. Kutojua ndiko kunakoniua.

Ketil

*Ukingoni kwa mtaro, jioni ileile*

Ketil! Mota kwetu ni mtaro!

Nilipokisoma kibao chako sikuelewa, nikakisoma tena. Nikaenda kwa mpishi wao mmoja tuliyemkamata uani, nikamuuliza, mota ni nini kwenu? Akanyoosha kidole kwenye kilima. Nikamwonyesha mtaro, nikasema, na huu? Akasema huo ni shimo tu, bibi, hauna jina.

Sisi tuliochimba tungejuaje? Msimamizi alisimama ukingoni mwaka mzima, anatazama chini tulipo, anapiga kelele "Mota! Mota!" Kila mtu Skelby akajua kwamba lile shimo jina lake mota. Kumbe alikuwa anatuambia udongo tuupeleke wapi. Wewe ulikuwa juu na maseremala wao, ulijua neno lao kwa maana yake. Mimi nilikuwa chini. Nilikwambia ukae mtaroni, Ketil. Mtaroni! Hapo ndipo walipoapa hawatagusa mtu.

Orm alikutafuta humo. Vita vinaendelea juu ya kichwa chake, yeye anatambaa katikati ya miti iliyochongoka anaita jina lako polepole. Aliuzunguka mtaro mzima. Ndipo akasema huenda umepandishwa darajani kwa nguvu, akapanda kukufuata.

Alikuwa kwenye kile kipande cha daraja kilipoanguka. Mguu uleule, mara hii mfupa umetoka nje. Wawili waliokuwa naye walidondokea ile miti iliyochongoka, wakafa. Orm ana homa, na katika homa anasema jambo ambalo nimemwambia ni uongo. Anasema alikuona mlangoni na nyundo mkononi. Nimemwambia ni moshi, ni mtu mwingine mwenye masharubu kama yako. Kweli, Wafaransa hawana masharubu, lakini ilibidi niseme kitu.

Maziwa yamo kwenye kikapu. Grim amenitukana mbele ya watu kwa ajili yake. Nilimjibu kwamba sijawahi kusikia mtoto wa wiki tano akichoma kijiji.

Wanasubiri kiu iwamalize. Bwana wako akikubali kuteremka, mimi nitasimama katikati. Mwambie. Na niambie Orm aliona nini.

Sunniva

*Mnarani, siku ya Mtakatifu Edmund*

Sunniva,

Orm hakukosea.

Hakuna aliyenishika mkono. Bwana Turstin alikuwa amekwisha kuingia, anahema, hata hakukumbuka vigingi. Mimi nilisimama mlangoni nikiwangojea ninyi. Nikaona watu wanakuja mbio, nyuso nyeusi kwa masizi, mashoka juu, wanapiga kelele, na sikuona uso hata mmoja ninaoujua. Nikasema moyoni, hawa hawatauliza. Niliogopa. Nyundo ilikuwa mkononi kwa sababu ya kisingizio changu. Nilipiga cha kwanza, nikapiga cha pili. Kilipokuwa kinadondoka ndipo niliposikia mtu anaita "Shemeji!"

Nimelificha neno hili siku tisa. Ningelificha hadi kufa. Ninalisema leo kwa sababu nataka uniamini jambo jingine, na mtu anayeandikishwa barua na bwana wake hawezi kuandika niliyoyaandika hapo juu.

Sasa soma kwa makini. Juu ya mnara huu mimi naona mbali kuliko ninyi mlioko chini, naona kupita msitu. Siku nne zilizopita niliona moshi kusini, upande wa Ellerby. Si moshi wa jiko, wala si wa kuchoma shamba. Ni mpana, mweusi, umelala. Siku iliyofuata ukawa Heslgill. Jana ukawa Thorp. Leo asubuhi nimehesabu kumi na mmoja, na wa karibu ni pale daraja la mawe. Mfalme wao anapanda na jeshi, na haachi nyuma yake nyumba, ghala, wala plau. Niliona ng'ombe wameswagwa ndani ya zizi, kisha zizi likawaka. Hawachukui, Sunniva. Wanaharibu.

Hapa ndani wanajua. Wanakumbatiana kimyakimya. Bwana ameamuru mtu asitaje kitu, ili watakapofika wawakute nyote mmekaa mtaroni, migongo yenu wazi. Nimemwambia kwamba naandika kuomba chumvi.

Mkingoja hadi kesho jioni mtakuwa mmechelewa. Ondokeni leo. Msipite barabara, pandeni vilimani kuelekea kaskazini, bebeni nafaka badala ya vyombo. Orm muwekeni kwenye gari la ngozi. Usiningoje. Nakujua, utataka kuningoja. Mkiondoka mimi nitabaki na hawa watu, na hilo ni juu yangu. Mkibaki, mtakufa hapo nikiwaangalia kutoka juu, na siwezi. Siwezi, dada yangu.

Ketil

*Siku ileile*

Ketil,

Nimemsomea Grim na wenzake. Nilisoma yote, na la nyundo pia, kwa sababu bila lile wasingeamini la moshi. Mama wa mmoja wa wale wawili alikuwapo. Alinitemea mate usoni, nikayaacha yakauke.

Grim anasema ni hila. "Ndugu yako sasa ni Mfaransa mwenye masharubu. Amekaukiwa na maji, anataka tumpishe." Wengi wamemfuata. Wanasema mnara utaanguka kwa siku mbili, kwa nini tuuache?

Kaya saba tunaondoka. Orm yumo kwenye gari. Nilimuuliza yeye kwanza, maana mguu ni wake. Akasema, "Ketil ni mwoga, lakini si mwongo."

Mimi sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Nakuamini. Hayo ni mambo mawili.

Nimejaza kikapu. Maziwa mpe mtoto polepole, asije akatapika.

Sunniva

*Ng'ambo ya mto Tweed, Sikukuu ya Mishumaa*

Kaka yangu,

Barua hii anayo mtawa anayeshuka kusini kutafuta mifupa ya mtakatifu wake. Amesema kama ngome yenu bado ipo, atapita.

Tulifika kaya nne. Usiulize habari za zile tatu. Orm yuko hai, mguu walimkatia gotini, ameanza tena kuchuna ngozi akiwa amekaa. Tulipokuwa mlimani siku ya pili tulitazama nyuma, tukaona moshi juu ya Skelby. Tulijua kwamba waliobaki wamebaki kweli.

Nimekaa na hasira juu yako tangu wakati ule. Niliibeba kwenye theluji pamoja na gunia la shayiri. Juzi nilimtazama Orm akimfundisha mtoto wa jirani kushika kisu, nikatafuta ile hasira nikakuta imepungua. Haijaisha, lakini imepungua. Orm yeye alikwisha kukusamehe tangu kwenye gari, anasema ni nafuu kubeba mguu mmoja kuliko kubeba mguu na kinyongo.

Sasa sikia. Vita vimepita. Bwana wako ameshinda, hana sababu ya kukushika, hata vigingi vyako hakuna asiyevijua tena. Mwombe akuachie. Akikataa, toroka. Huku kuna miti, kuna watu wanaotaka nyumba, hawana seremala hata mmoja wa maana. Kitanda cha karibu na mlango nimekitandika.

Toka, Ketil. Njoo.

Sunniva

*Ngome ya Skelby, wiki ya nne ya Kwaresima*

Sunniva, dada yangu,

Mtawa amefika. Alikuwa amekula viatu vyake. Nililia nilipoona mwandiko wako, nikalia tena niliposoma habari za mguu. Mwambie Orm sina neno la kumwambia, nitalitafuta.

Nilimwomba bwana siku ileile. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno, nimeweka akiba ya sababu saba. Hakuhitaji hata moja.

"Unataka kwenda? Nenda," akasema. "Lango hilo hapo."

"Kweli, bwana?"

"Fundi, mke wangu na mwanangu wako hai kwa nyundo yako. Nenda unakotaka." Bi Hawisa akanipa mikate minne na jibini, akanifunga shingo kwa kitambaa chake mwenyewe. Mlinzi alifungua milango yote miwili ya lango, kama natoka harusini.

Nilipita Skelby kwanza. Sitakwambia niliyoyaona mtaroni, wala kwa Grim kinuni. Nyumba yako ni mstari mweusi. Nikashika njia ya kaskazini, nikaimba kidogo, niliimba kweli, kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza ninakwenda wapi.

Siku ya kwanza sikukutana na mtu. Siku ya pili nilipita vijiji vitatu, na nilijua ni vijiji kwa sababu ya mawe ya majiko. Hakuna mbwa wala jogoo. Pale Ulfthwaite niliwakuta watu wamekaa ukutani, nikawapa habari za asubuhi, nikasogea, nikaona kwamba walikuwa wamekaa hivyo tangu theluji ya kwanza. Siku ya tatu nilimkuta mwanamke mmoja hai. Aliutazama mkate wangu bila kusema lolote. Nikampa wote uliobaki, yeye akaushika tu, hakuweza kutafuna tena. Siku ya nne nilikula gome la mti. Kutoka hapo hadi kwenu ni siku kumi kwa mtu aliyeshiba.

Nilikaa juu ya jiwe nikapiga hesabu ya fundi. Mbele siku kumi bila punje, nyuma siku nne bila punje. Katika nchi yote hii, pande zote ninazozijua, ghala lenye nafaka ni moja tu, na ukuta wake niliujenga mimi.

Nikageuka.

Nakuandikia haya ili usiendelee kunitazamia njiani. Kitanda mpe mtu mwingine. Majira yakibadilika, watu wakirudi kupanda, nitajaribu tena, lakini sijui ni nani atakayerudi, na atapanda nini. Bwana anataka mtaro uchimbwe upya kwa kina zaidi, na wachimbaji amewaleta kutoka kusini kabisa, maana hapa hakuna mtu.

Siku ile nilipofika ilikuwa alasiri, miguu siisikii. Nilisimama mbele ya lango muda mrefu, Sunniva, nikijiambia bado naweza kurudi nyuma. Kisha nikabisha. Mlinzi mpya akachungulia juu ya magogo, upinde mkononi, akauliza ni nani. Nikamjibu kwa Kifaransa, tena upesi, ili asije akadhani mimi ni mtu wa hapa.

Kaka yako,
Ketil